Mikono ya Zamani, Akili ya Sasa

Sipendi wanaume wanaokaa barazani kupiganisha watu kwa mdomo. Nasema mapema, msomaji asije akadhani nimekaa kuwakumbuka wazee wa mtaa wetu kwa mapenzi. Wapo wanaoikumbuka Kariakoo ya miaka ile ya Ujamaa kwa undugu wake, na kweli undugu ulikuwepo, tuliazimana chumvi na tulizikana. Lakini baraza ya nyumba yetu inanitia hasira mpaka leo. Wengi waliokuwa wakikaa pale wameshakufa, na bado sijawasamehe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili kama zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani, na mbele baraza ya saruji iliyotazama barabara. Wazazi wetu walitoka Lindi zamani, wakajenga, wakafariki, wakatuachia mimi na kaka yangu mkubwa. Kaka alikaa na mkewe chumba cha mbele, upande wa kulia. Mimi nilikuwa chumba cha kushoto, dirisha langu juu kabisa ya vichwa vya watu wa barazani. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi. Alasiri nikirudi, masikio bado yanavuma mashine, nikijinyoosha kitandani nipate hata lepe la usingizi, ndipo wao wanaanza.

Mchezo wao ulikuwa na utaratibu. Mtu anataja mabondia wawili wa uzito wa juu ambao hawajawahi kukutana na hawawezi kukutana, mmoja ameshazeeka na mwingine ndiyo kwanza anachipukia, halafu watu wanagombania nani angemshinda mwenzake. Lakini kabla hujasema lolote ilikuwa lazima umfunge bondia wako umri. Huwezi kusema tu kwamba Mmarekani fulani angempiga Mwingereza fulani. Utaulizwa: Mmarekani wa lini? Wa kabla hajavunjwa taya au baada? Na kwa kuwa habari za huko nje walizipata kwa redio, nusunusu, tarehe walizipima kwa mambo yetu wenyewe. Utasikia, "Mimi namchukua yule wa kabla ya Azimio la Arusha." Mwenzake anajibu, "Na mimi namchukua wa wakati ule sukari inapatikana." Bondia wa wakati wa sukari siku zote alimshinda bondia wa wakati wa foleni. Sijui kwa nini, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hakimu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mtu mzima, mpole, kofia yake safi kila siku. Asubuhi alisimamia foleni ya sukari na unga watu wasipigane, na alasiri alisimamia watu wapigane hewani. Akigonga kikombe cha kahawa kwenye saruji, basi umri umefungwa, hakuna kubadilisha. Mbishi wake mkuu alikuwa fundi cherehani aliyepanga chumba cha duka nyumba ya jirani, mtu wa Moshi, maneno mengi kuliko nguo alizoshona. Muuza kahawa alimimina na kusikiliza. Wengine walikuja na kuondoka, lakini wale ndio waliokuwa nguzo.

Sasa nimweleze kaka. Kaka alikuwa kuli bandarini, anapakua magunia na kupakia marobota ya katani, na mlango wa uani aliupita kwa ubavu. Alipigana ngumi za ridhaa katika timu ya kazini. Wakati ule kwetu hakuna aliyepigana kwa kulipwa, ulipigania kikombe na kupigiwa makofi. Shida yake ilikuwa moja: uzito wa juu haukuwa na watu. Uzito wa chini na wa kati vijana walijaa tele, wembamba, wepesi, wanarukaruka kama njugu kwenye kikaango. Watu wazito walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kaka alikuwa bingwa kwa miaka, na mingine kati ya hiyo alikuwa bingwa kwa kukosa mtu. Nimemwona kwa macho yangu amepanda ulingoni, amevaa glovu, amejipaka mafuta, mpinzani hakutokea, mwamuzi akamnyanyua mkono na watu wakaenda zao nyumbani.

Kwa hiyo watu wa baraza walimtafutia wapinzani hewani. Walimpiganisha na Wamarekani, na Wajerumani, na mpiganaji mmoja wa enzi za mkoloni ambaye hata babu yao hakumwona. Kaka akitoka kazini akipita hapo anacheka, anasema, "Jamani, leo nimeshinda au nimeshindwa?" Wanamjibu, "Umeshinda, raundi ya nne." Anaingia ndani kula. Wakati huo hata mimi nilicheka. Ilikuwa njia ya mtaa kumwambia mtu kwamba wanamjali, na sikuona ubaya.

Pambano lake la mwisho alipigana na mgeni kutoka nchi jirani, pande la mtu. Kaka alishinda, lakini jicho la kushoto likaanza kumwonyesha vidoa vyeusi na vimulimuli kama cheche za jiko la mkaa. Hospitali daktari alimwambia wazi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake: lile pazia la nyuma ya jicho limeanza kuachia, tumelishika kwa sasa, ukipigwa tena kichwani linaondoka na hakuna mtu hapa wa kukurudishia. Kaka akaacha ngumi. Glovu alizitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na wifi yangu akazifunika kwa kanga kuukuu zisishike vumbi.

Jambo hilo halikuwa siri. Naomba lieleweke. Balozi alijua, fundi alijua, muuza kahawa alijua. Walikuja kumpa pole wote, wakakaa ukumbini, wakasema afya kwanza.

Miaka ikapita. Kaka akaota kitambi, akaanza kuvaa miwani ya jua bandarini kwa sababu mwanga wa bahari ulimchoma. Mambo yakawa magumu kwa kila mtu, sabuni hakuna, vitenge hakuna, kiwandani kwetu mashine zinasimama kwa kukosa vipuri. Na katika wakati huo wa kukosa kila kitu akatokea Magomeni kijana mmoja wa uzito wa juu. Mrefu, shoto, mwepesi kupita kimo chake. Hatimaye nchi imepata mtu mzito, na kaka yangu ameshastaafu.

Barazani ilikuwa sikukuu. Huku kuna bingwa wa zamani wanamjua hadi anavyokoroma, kule kuna bingwa wa sasa, na wote wawili wako mji mmoja. Alasiri zote zikawa hizo. Mwanzoni walicheza kwa haki. "Kaka wa kabla ya Azimio na kijana wa sasa." Balozi anagonga kikombe. Wanabishana, kaka anashinda. "Kaka wa sasa na kijana wa sasa." Kikombe. Hapo walinong'ona kidogo kwa heshima, na kaka alishindwa. Nililala pale dirishani nikasikia akishindwa, na nikaona ni sawa, ndiyo kweli yenyewe.

Aliyeharibu mchezo ni fundi. Siku moja akasema, "Mimi simchukui wa zamani wala wa sasa. Nachukua mikono ya zamani na akili ya sasa."

Wakacheka. Balozi akasema haiwezekani, umri haukatwi vipande kama kitambaa. Fundi akasema kwa nini isiwezekane? Mikono si ile ile? Haijakatwa. Kila siku inabeba magunia, basi ina nguvu ile ile au zaidi. Akili nayo imeongezeka, mtu anavyokua anaongezeka akili. Sasa kilichopungua ni nini? Wakatafuta kilichopungua, watu wazima wale, wakakuna vichwa, wakashindwa kukiona. Miguu hakuna aliyeitaja. Jicho hakuna aliyelitaja. Balozi akagonga kikombe.

Nilikaa kitandani nikasema peke yangu, "Wapumbavu." Lakini upande wa pili wa ukumbi, chumbani kwa kaka, dirisha lilikuwa wazi vilevile, na yeye siku ile alikuwa amewahi kurudi kutoka kazini.

Wiki ile ile akaanza kutoka alfajiri kukimbia. Alipita njia ya soko, mikokoteni ikimpisha, wapagazi wakimshangilia kwa jina lake la ulingoni. Wifi yangu alinifuata jikoni nikikuna nazi, akachutama mbele yangu.

"Wifi, mwambie wewe," akasema. "Mimi nikisema anadai namtakia unyonge."

Nikamwambia. Nilimsubiri atoke kuoga, nikamkabili pale uani, kikoi kiunoni na maji yanamchuruzika.

"Kaka, unakimbia unakwenda wapi?"

"Mazoezi tu. Kitambi hiki unakiona."

"Usinifanye mtoto. Unataka kupigana na yule wa Magomeni."

Akacheka. "Ni maonyesho, mdogo wangu. Raundi chache za kufurahisha watu. Balozi anazungumza na wenzake wa kule, tufanye sikukuu ya wafanyakazi, pale ukumbi wa jamii."

"Na jicho?"

"Kwani yeye atanifikia jicho? Mimi simpigi kwa mbio, nampiga kwa akili. Mikono yangu unaijua."

Aliyasema maneno ya fundi kana kwamba yametoka kichwani mwake. Nikamwambia kwamba juzi tu alikaa kitandani kufunga kamba za viatu akahema mpaka wifi akamletea maji. Akaacha kucheka, akasema nimezidi, akaingia ndani.

Nikaenda kwa balozi. Sikumngoja barazani, nilimfuata kwake, mkewe akanipa kigoda.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kiwandani?"

"Nzuri. Nimekuja kwa ajili ya jicho la kaka."

Akaitika kwa kichwa taratibu kama mtu aliyelitegemea jambo hilo. "Tumelizungumza sana hilo. Yule kijana ni shoto. Ngumi yake nzito ni ya mkono wa kushoto, kwa hiyo inakuja upande wa kulia wa kaka yako. Jicho bovu ni la kushoto. Unaona? Limekaa salama."

"Balozi, hayo ni ya barazani. Mimi nazungumzia jicho."

"Na mimi nazungumzia jicho, mwanangu."

"Kijana ana mikono mingapi?"

Akasema nisiwe na wasiwasi, haya ni mambo ya wanaume, na kaka yangu anastahili kushangiliwa tena kabla hajazeeka. Kisha akaniuliza kama tumepata sukari wiki hii. Alikuwa anauliza kwa wema, na wema wake ndio ulionifanya nishindwe kumtukana. Nilitoka pale nikatembea mpaka Mchikichini bila sababu yoyote, nikarudi.

Siku chache kabla ya sikukuu kijana mwenyewe alikuja. Ilikuwa alasiri, baraza imejaa, kaka amekaa katikati yao kwa sababu siku hizo alikuwa anakaa nao. Niliwaona kupitia dirishani. Kijana alisimama chini ya ngazi, kichwa chake kikawa sawasawa na vya waliokaa juu.

"Shikamooni, wazee wangu."

Wakaitikia. Akamgeukia kaka peke yake, akainama kidogo, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

Kaka alikawia. Nilihesabu kimyakimya nikiomba aitikie. Akasema, "Marahaba," kwa sauti ya mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

Muuza kahawa akampa kijana kikombe. Akakipokea, kikawa cha moto, akawa anakihamisha mkono huu kwenda mkono ule. Akasema hakutumwa na mtu, amekuja mwenyewe. Akasema, "Mimi nilipokuwa mdogo baba alinibeba mabegani kuja kukutazama wewe. Siwezi kupanda ulingoni na mzee wangu. Naomba wewe ndiye useme, 'Sitaki,' ili mimi nisionekane nimekataa."

Mungu ndiye anayejua nilivyompenda kijana yule kwa maneno hayo. Alimfungulia kaka mlango mpana, apite bila kuinama. Kilichobaki kilikuwa neno moja.

Kaka akasema, "Tutaonana siku ya sikukuu."

Kijana akanywa kahawa yake, akashukuru, akaaga. Hata hajafika kona ya mtaa, baraza ikalipuka. "Ameogopa!" "Mmeona mikono inavyomtetemeka?" "Kikombe kilikuwa hakitulii!" Fundi alisimama akaigiza jinsi kijana alivyokuwa anahamisha kikombe, na watu wazima wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijana amelelewa vizuri, ameamkia wakubwa, ameinamisha kichwa, na wao wakaona woga. Wao wenyewe ndio waliotufundisha kuamkia. Wao ndio waliotuchapa tukipita bila shikamoo. Na siku mtoto wa mtu amefanya vile walivyofundisha, hawakuweza kulitambua somo lao.

Kaka hakucheka. Aliingia chumbani, akasimama mbele ya kioo cha wifi, akajitazama huku na huku. "Mimi ni mzee?" akauliza.

Siku yenyewe wifi alikataa kwenda. Alibaki amekaa kitandani na ile kanga kuukuu mapajani, msumari juu yake mtupu. Mimi nilikwenda, maana niliona kama sipo ndipo lile ninaloliogopa litatokea. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, jua la mchana linachoma bati, watu wa mtaa wetu upande mmoja na watu wa Magomeni upande wa pili. Daktari hakuwepo. Maonyesho hayahitaji daktari, walisema.

Kaka alipovua shati watu wakapiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, moyo ulinipanda. Mabega yalikuwa yale yale. Ukitazama mabega tu, fundi alikuwa amesema kweli.

Kengele ikalia. Kijana hakupigana. Alizunguka, akanyoosha mkono, akagusa kifua, akagusa mkono wa kaka, akarudi nyuma. Kila ngumi yake ilikuwa chini ya shingo. Mtu yeyote mwenye macho mawili aliona kwamba anakwepa kichwa kwa makusudi, na hasa upande wa kushoto, akienda kule anageuka kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kaka alimpiga. Alimpiga za mbavu, akampiga ya taya, na kijana alizipokea. Na watu wetu wakachanganyikiwa kabisa. "Yule yule! Yule yule wa zamani!" Balozi alikuwa amesimama juu ya benchi, kofia mkononi, yeye niliyemzoea mtulivu miaka yote, anapiga kelele, "Wa kabla ya Azimio! Wa kabla ya Azimio!"

Kaka akaamini. Nilimwona anaamini, usoni kwake, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Kulikuwa na kitu alichokifanya ujanani ambacho ndicho kilimpa sifa: aliteremsha mikono yote miwili, akamtolea mpinzani uso, mpinzani akirusha, yeye ameshavuta kiwiliwili nyuma kwa nusu hatua na ngumi inapita hewani. Ukumbi mzima zamani ulikuwa ukisubiri hapo. Raundi ya tatu akateremsha mikono.

Nilisimama. Nilisema, "Kaka, mikono!" Kelele zilikuwa nyingi.

Kijana alikuwa ameshatupa mkono wa kulia, ule mwepesi, ule ambao balozi hakuuhesabu, na aliulenga kifuani. Kaka akavuta kiwiliwili nyuma. Akili ilikumbuka kila kitu, lakini miguu ilibaki pale pale, na goti likamkunjika. Akashuka. Uso ukaja mahali kifua kilipokuwa. Ngumi haikuwa hata kali. Sauti yake nilivyoisikia ilikuwa ndogo, na kaka akakaa chini kama mtu anayekaa mkekani, akaweka glovu juu ya jicho la kushoto, hakuiondoa.

Kijana ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Watu wa Magomeni walikuwa hawashangilii.

Hospitali walimlaza. Jicho likafungwa bandeji, na baada ya siku kadhaa wakaondoa bandeji na hakuna kilichobadilika, giza ni lile lile. Daktari alikuwa yule yule. Hakutugombeza. Alimtazama kaka, akanitazama mimi, akaandika, akatoka, na ingekuwa afadhali angetugombeza.

Bandeji ingali haijatolewa, watu wa baraza walikuja na machungwa. Walikaa kuzunguka kitanda, wameinamisha vichwa, pole sana, pole sana, kazi ya Mungu. Nikasema moyoni, afadhali wanajua aibu. Haikuchukua muda. Fundi akavuta pumzi, akasema kwa upole kabisa, "Lakini kama angekuwa hakuteremsha mikono." Na balozi akasema, "Unamchukua wa raundi ya pili?" Na wakaanza. Kitandani pale, mtu ana bandeji usoni, machungwa miguuni pake, wakaanza kumpiganisha wa raundi ya pili na wa raundi ya tatu. Muuguzi aliwafukuza. Mimi nilikuwa nimesimama lakini sikuweza kufungua mdomo, nilihisi nikifungua nitauma mtu.

Kijana alikuja peke yake, siku nyingine, saa ambayo si ya kuona wagonjwa. Hakuthubutu kuingia. Nilimkuta kwenye korido, analia bila kujificha, jitu zima lile. "Dada, nililenga kifua," akasema. Nikamwambia najua. Katika watu wote wa habari hii, yeye ndiye pekee ambaye sikumkasirikia hata dakika moja.

Kaka aliporudi kazini walimtoa kwenye kupakua. Mtu wa jicho moja hawezi kupima ndoano inayoshuka na mzigo iko umbali gani, atajiua au ataua mwenzake. Wakampa ufagio, afagie ghala. Mikono ile. Alirudi kila siku na vumbi la katani kwenye nywele, mapema zaidi ya zamani, akala, akakaa chumbani dirisha limefungwa. Wifi alizungumza naye, hakujibu. Nilizungumza naye mimi, alijibu ndiyo na hapana. Kwa muda fulani baraza nayo ilikaa kimya, watu walipita wakaamkia, wakaenda kunywea kahawa mtaa wa pili, na mimi nililala mchana kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. Nilidhani nimeshinda.

Halafu siku moja, alasiri, nikasikia bilauri na vikombe. Wamerudi. Nikasikia fundi amepaza sauti kuhusu kaka na bingwa mpya wa Ulaya, na mtu anauliza, "Kaka wa lini?" Nikanyanyuka. Safari hii sikukaa kitandani kuwatukana peke yangu. Nilifungua mlango mkubwa nikatoka na kanga ya kulalia, sikujali.

Kaka alikuwa amekaa katikati yao.

Nilikuwa nimeshaanza na sikuweza kusimama. "Ondokeni!" nikasema. "Baraza hii ilijengwa na baba yangu. Mmekula jicho la mtu, mmelila, na mmerudi kutafuta nini? La pili? Haya, balozi, gonga kikombe! Nifungie umri wa huyu aliyekaa hapa, huyu mwenye ufagio, mmpiganishe huyu! Mbona huyu hamumtaki? Mbona hamna hata siku moja mliyomchukua huyu?"

Balozi aliinamisha kichwa. Fundi alishika kikombe akasahau kunywa. Muuza kahawa akaanza kukusanya vyombo vyake. Na mimi nilijisikia vizuri, nakiri, nilikuwa nimeisubiri siku ile.

Kaka akaniita. Alilazimika kugeuza kichwa chote, kwa sababu nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "mimi ndiye niliyewaita."

"Kaka?"

"Niliwafuata mtaa wa pili, nikawaomba warudi. Kule bandarini mimi ni mzee wa kufagia. Humu ndani mke wangu ananionea huruma mpaka nasikia kichefuchefu, na wewe unanitazama kama maiti. Hapa tu ndipo bado napigana. Ukiwafukuza hawa, nitabaki na nani?"

Nilimtazama balozi, nikamtazama fundi, watu wale walioniharibia ndugu, na sikuwa na kitu cha kumpa kaka badala yao. Nikarudi ndani nikafunga mlango.

Halafu kutoka nje nikasikia sauti ya balozi, ndogo, yenye aibu, ikiuliza, "Haya. Tunamchukua wa lini?"

Na kaka yangu akawajibu.